Otomata ya seli ya kwanta kwa daftari na penseli: mwongozo wa anayeanza

Jioni nikishafunga hesabu za duka langu la steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, huwa nabaki na vijana wawili watatu wanaopenda hesabu. Tangu nilipowaonyesha otomata za seli za kwanta, yaani safu ya miraba yenye namba zinazobadilika kwa kanuni moja, kwa kufuata fizikia ya chembe ndogo mno kama elektroni, maswali yamekuwa yale yale. "Kaka, si mpaka uwe na kompyuta ya kwanta?" "Bila fizikia ya chuo nitaelewa?" "Hiyo chembe inatembea au inasambaa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana nimeandika. Majibu mawili ya kwanza ni mafupi: kompyuta ya kwanta huhitaji, na ukijua kuzidisha desimali na kujumlisha namba hasi, unatosha. La tatu utajijibu mwenyewe ukifika hatua ya 5.

Nadharia ni hii, na nitaibana.

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga ziwani utadhani kuna mji mwingine kule. Chukulia mitumbwi minane imekaa mstari mmoja. Kila mmoja anamwangalia jirani yake tu, na kengele ikilia wote wanaamua kwa kanuni ile ile: washa au zima. Kengele inalia tena, wanaamua tena. Hiyo ni otomata ya seli ya kawaida. John von Neumann na Stanislaw Ulam walianza kuifikiria miaka ya 1940.

Ya kwanta inaongeza jambo moja. Badala ya kusema "taa imewaka kwenye mtumbwi wa 4", kila mtumbwi unabeba namba inayoitwa amplitudo, na namba hiyo inaweza kuwa chanya au hasi. Ukitaka kujua uwezekano wa kuikuta taa mahali fulani, zidisha amplitudo ya pale kwa yenyewe. Alama ya hasi ndiyo kila kitu hapa. Umewahi kusimama kivukoni Kamanga pantoni ikipita, mawimbi yake yakakutana na ya mtumbwi wa injini? Pale mgongo wa wimbi moja unapoangukia bonde la jingine, maji yanalala kwa sekunde. Namba chanya na hasi zinafanya vivyo hivyo.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Daftari la miraba, lile la hesabu za shule ya msingi.
- Penseli na kifutio. Kalamu iache, utakosea.
- Kikokotoo cha kawaida; cha kwenye simu kinatosha.
- Namba mbili: 0.6 na 0.8. Nitaeleza kwa nini hizi.
- Baadaye, ukipenda, lahajedwali kama Excel au Google Sheets.
- Saa moja bila kusumbuliwa. Hii ndiyo ngumu kupata.

Hatua ya 1: Chora safu ya seli 8

Andika 1 hadi 8 juu ya miraba minane. Seli ya 8 ni jirani wa seli ya 1, kama vile umeuzungusha mstari ukawa duara. Idadi ya seli iwe shufwa. Kijana mmoja alichora 7, akafika kwenye kuzipanga mbili mbili akabaki na seli moja haina mwenzake, akaanza kuibunia kanuni. Usibuni kanuni.

Chini ya namba za seli, andika safu ya mwanzo. Chembe yetu, ndiyo ile taa ya mfano wa mitumbwi, iko seli ya 4:

Mwanzo: 0, 0, 0, 1, 0, 0, 0, 0

Hatua ya 2: Panga jozi za aina mbili

Jozi A: (1,2), (3,4), (5,6), (7,8).
Jozi B: (2,3), (4,5), (6,7), (8,1).

Pigo moja la wakati lina nusu mbili: kwanza unafanya jozi A zote, halafu jozi B zote. Usiruke, usigeuze mpangilio.

Utauliza kwa nini tusiache kila seli iangalie jirani wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, kama kwenye otomata za kawaida. Kwa sababu kwanta haikubali kupoteza habari: kila hatua lazima iweze kurudishwa nyuma. Kanuni nyingi maarufu za kawaida zinaanguka hapo hapo. Chukua Kanuni ya 110, kanuni ya kawaida ya 0 na 1 ambapo kila seli inajiangalia yenyewe na jirani zake wawili. Safu yenye 1 tupu inageuka 0 tupu, na safu yenye 0 tupu inabaki 0 tupu. Ukikuta 0 tupu, utajuaje ulitoka wapi? Mwaka 1996 mtafiti David Meyer alionyesha kwamba ukiwa na mstari wa seli, amplitudo moja kwa kila seli, na kanuni moja kwa seli zote, hupati kitu cha kuvutia: safu nzima inasogea tu kama ilivyo. Kugawa seli jozi jozi na kubadilisha jozi kila nusu pigo ni njia mojawapo ya kutoka kwenye mtego huo.

Hatua ya 3: Andika kanuni juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa

Kila jozi ina seli ya kushoto, tuiite K, na ya kulia, tuiite L. Kanuni:

K mpya = 0.6 × K − 0.8 × L
L mpya = 0.8 × K + 0.6 × L

Basi. Hiyo ndiyo otomata nzima.

Kwa nini 0.6 na 0.8? Kwa sababu 0.36 + 0.64 = 1 kamili, bila kipeuo chochote cha kukusumbua. Ukiweka 0.5 na 0.5 kwa kuwa zinaonekana "za haki", baada ya nusu pigo la kwanza jumla ya uwezekano ni 0.25 + 0.25, yaani nusu ya chembe imeyeyuka. Hesabu haitakupigia kelele. Itaendelea kukupa namba nzuri zisizo na maana.

Hatua ya 4: Fanya pigo la kwanza

Jozi A kwanza. Jozi (1,2), (5,6) na (7,8) zina 0 tupu, zinabaki 0. Jozi (3,4) ina K = 0 na L = 1. Kwa hiyo seli ya 3 inapata −0.8, na seli ya 4 inapata 0.6.

Baada ya A: 0, 0, −0.8, 0.6, 0, 0, 0, 0

Sasa jozi B. Jozi (2,3) ina K = 0 na L = −0.8. Seli ya 2 inapata −0.8 × −0.8 = 0.64, seli ya 3 inapata 0.6 × −0.8 = −0.48. Jozi (4,5) ina K = 0.6 na L = 0. Seli ya 4 inapata 0.36, seli ya 5 inapata 0.48.

Baada ya B: 0, 0.64, −0.48, 0.36, 0.48, 0, 0, 0

Kagua kabla ya kuendelea. Zidisha kila namba kwa yenyewe, ujumlishe: 0.4096 + 0.2304 + 0.1296 + 0.2304 = 1. Ukaguzi huu ufanye pembeni ya ukurasa kila nusu pigo. Ni kama kuhesabu chenji kabla hujashuka kwenye daladala. Ukishashuka, imetoka hiyo.

Onyo: vile vipeo vya pili ni vya kukagulia tu. Usivirudishe kwenye safu ukaendelea navyo. Ukifanya hivyo umezifuta alama za hasi zote, na unachofuatilia sasa ni bahati nasibu ya kawaida.

Hatua ya 5: Pigo la pili, penye utamu

Hapa nenda taratibu, maana kwa mara ya kwanza jozi moja ina namba mbili zisizo sifuri.

Jozi (1,2): K = 0, L = 0.64. Seli ya 1 inapata −0.512, seli ya 2 inapata 0.384.

Jozi (3,4): K = −0.48, L = 0.36.
Seli ya 3: 0.6 × −0.48 − 0.8 × 0.36 = −0.288 − 0.288 = −0.576.
Seli ya 4: 0.8 × −0.48 + 0.6 × 0.36 = −0.384 + 0.216 = −0.168.

Jozi (5,6): K = 0.48, L = 0. Seli ya 5 inapata 0.288, seli ya 6 inapata 0.384.

Baada ya A: −0.512, 0.384, −0.576, −0.168, 0.288, 0.384, 0, 0

Weka penseli chini uiangalie jozi (3,4). Kwenye seli ya 3, hasi mbili zimekutana zikasaidiana. Kwenye seli ya 4, hasi na chanya zimekutana zikavutana, kikabaki kidogo.

Sasa fanya kama chembe ingekuwa ya kawaida, kete ya bao tuseme, inayohama kwa uwezekano wa 0.64 na kubaki kwa 0.36. Uwezekano wa kuikuta seli ya 4 ungekuwa 0.64 × 0.2304 + 0.36 × 0.1296 = 0.194112, zaidi ya asilimia 19. Kwenye kwanta ni 0.168 × 0.168 = 0.028224, haifiki asilimia 3. Na seli ya 3? Kete ingekuwa na 0.165888, kwanta ina 0.331776, mara mbili kamili. Kilichotoka seli ya 4 kimehamia seli ya 3, na jumla ya jozi haijabadilika hata kidogo. Mimi nilipolikuta hili mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikafuta ukurasa mzima. Sikuwa nimekosea.

Malizia kwa jozi B. Usisahau jozi (8,1): K ni seli ya 8, L ni seli ya 1.

Baada ya B: −0.3072, 0.6912, −0.0384, −0.3312, 0.0384, 0.2304, 0.3072, 0.4096

Kama namba zako zinalingana na hizi, umeshaendesha otomata ya seli ya kwanta. Zisipolingana, nenda kwenye sehemu ya matatizo huko chini kabla ya kufuta.

Angalia na mwendo. Kila nusu pigo habari inavuka seli moja tu, haiwezi zaidi. Pigo zima ni seli mbili. Kwa mapigo mawili upande wa kushoto umefika mbali kabisa: 3, 2, 1, kisha ukazunguka hadi 8. Hakuna kanuni ya jozi itakayoruhusu seli ya mbali ijue jambo kabla ya zamu yake.

Hatua ya 6: Rudisha nyuma

Hii wengi wanairuka, nami nakuomba usiiruke. Kanuni ya kurudi ni ile ile, alama ya 0.8 ikigeuzwa:

K ya zamani = 0.6 × K + 0.8 × L
L ya zamani = −0.8 × K + 0.6 × L

Mpangilio nao unageuka: B kwanza, A baadaye. Uliyevaa soksi kisha kiatu, unavua kiatu kwanza. Jaribu kwenye safu ya mwisho ya pigo la kwanza, jozi (2,3): K = 0.64, L = −0.48. Unapata 0.384 − 0.384 = 0 kwa seli ya 2, na −0.512 − 0.288 = −0.8 kwa seli ya 3. Ndiko ulikotoka.

Hatua ya 7: Pima, lakini mwishoni

Ukiridhika na idadi ya mapigo, ndipo unazidisha kila amplitudo kwa yenyewe kupata uwezekano. Baada ya mapigo mawili, seli ya 2 inaongoza kwa karibu asilimia 48, inafuata ya 8 kwa karibu 17, na seli za 3 na 5 karibu hazina kitu. Ukipima utaikuta chembe mahali pamoja tu, na safu yote ya amplitudo imekwisha. Kuendelea ni kuanza upya na 1 kwenye seli uliyoikuta. Kuchungulia katikati ya safari kunabadilisha safari.

Hatua ya 8: Hamia kwenye lahajedwali

Kila nusu pigo linaongeza tarakimu moja ya desimali, kwa hiyo kwenye pigo la nne au la tano kikokotoo kidogo kinaelemewa. Fanya hivi:

1. Safu mlalo ya 2, nguzo B hadi I, weka mwanzo: 1 kwenye E2, kwingine 0.
2. Kwenye B3 andika =0.6*B2-0.8*C2 na kwenye C3 andika =0.8*B2+0.6*C2. Nakili B3 na C3 kwa pamoja, ubandike hadi I3. Hizo ni jozi A.
3. Kwenye C4 andika =0.6*C3-0.8*D3 na kwenye D4 andika =0.8*C3+0.6*D3. Nakili zote mbili kwa pamoja hadi H4.
4. Jozi ya mzunguko iandike kwa mkono: I4 ni =0.6*I3-0.8*B3 na B4 ni =0.8*I3+0.6*B3.
5. Nguzo ya J ni ya ukaguzi: J2 andika =SUMSQ(B2:I2), uishushe chini.
6. Chagua B3 hadi I4, safu mbili kwa pamoja, ushushe kadiri unavyotaka. Ukishusha safu moja moja, jozi zitavurugika.

Kisha tengeneza uwezekano pembeni: L2 iwe =B2^2, uisambaze hadi S na kushuka chini, uzipake rangi kufuatana na ukubwa. Ndipo utaona mchoro wa mawimbi unavyojisuka.

Sasa chezea namba. Weka 0 badala ya 0.6 na 1 badala ya 0.8: chembe iliyoanzia seli ya 4 inakimbia bila kusambaa, 4, 2, 8, 6, na kurudi 4 kwa mapigo manne. Ukiianzishia seli ya 5, inakimbia upande wa pili. Weka 0.96 na 0.28 (zinajumlika vizuri, 0.9216 + 0.0784) uone ilivyokuwa nzito. Ile namba ya kubaki ndiyo inafanya kazi ya uzito. Otomata za familia hii zikichorwa kwa seli ndogo sana na uzito mdogo zinakaribia mlinganyo wa Dirac, kanuni ya fizikia ya mwendo wa elektroni, kwenye mstari mmoja. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloifanya kazi hii istahili jioni yako. Mwanafizikia Richard Feynman aliuliza kwenye makala yake ya 1982 kama fizikia inaweza kuigwa na mashine yenyewe ya kwanta; Gerhard Grössing na Anton Zeilinger wakalitumia jina hili la otomata za seli za kwanta mwaka 1988, na mwaka 1995 John Watrous akaonyesha kwamba otomata ya mstari mmoja tu inatosha kuiga mashine ya Turing ya kwanta, yaani kielelezo cha kinadharia cha kompyuta ya kwanta.

Matatizo na tiba zake

*Jumla ya ukaguzi imezidi 1 kidogo, mfano 1.0317.* Umetumia K mpya kutafuta L mpya. Kwenye jozi (3,4) ya pigo la pili kosa hili linakupa −0.2448 badala ya −0.168. Namba zote mbili za kuanzia zitoke safu ya juu, daima.

*Jumla inapungua kila hatua.* Namba zako mbili hazitoi 1 zikizidishwa zenyewe na kujumlishwa. Hapa namkuta aliyeweka 0.7 na 0.3.

*Jumla ni 0.9999 au 1.0001.* Ni kukadiria desimali. Endelea.

*Chembe haitoki seli ya 3 na 4.* Unarudia jozi A kila mara. Dalili yake ni safu ya pili kuwa −0.96 na −0.28. Mimi mwenyewe nilimaliza kurasa tatu hivyo usiku mmoja umeme umekatika, nikalaumu mshumaa.

*Jumla ni 1 lakini namba si zako wala zangu.* Angalia jozi (8,1). Mara nyingi umeigeuza ukaweka seli ya 1 kuwa K. Ukaguzi wa jumla haulikamati kosa hili. Linakamatwa kwa kulinganisha namba.

*Nimesoma kwingine, vifupisho ni QCA (otomata za seli za kwanta kwa Kiingereza) lakini wanaongelea saketi.* Hicho ni kitu kingine kilichojichukulia jina lile lile: saketi za nukta za kwanta, yaani vijisehemu vidogo mno vya kushikilia elektroni, zilizopendekezwa na Craig Lent na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, mwaka 1993. Zimetungwa kwa ajili ya mantiki ya kawaida ya 0 na 1. Funga ukurasa huo urudi huku.

*Nimeweka chembe nyingi, lahajedwali limeganda.* Hapo hukukosea, umekutana na ukuta. Chembe moja kwenye seli 8 ni amplitudo 8. Chembe mbili zisizotofautishwa ni 28, moja kwa kila namna ya kuchagua seli mbili. Ukiruhusu kila seli iwe na chembe au isiwe nayo, ni 256. Chukua trei moja la mayai, vishimo 30, kila kishimo kiwe seli: amplitudo ni 1,073,741,824, na kwa baiti 16 kila moja unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 17 kushika safu moja tu. Kwa daftari, baki na chembe moja. Ukiwa na hamu ya mbili, punguza seli ziwe 4, upate hali 6, na jozi ikiwa na chembe zote mbili iache kama ilivyo.